Askari Aliyejeruhiwa Ni wa Nani?

   

Leo tutazungumza habari ya zamani, lakini swali lake si la zamani. Vita vinapopita karibu na kijiji, haviondoki na watu wake wote. Vinaacha askari mwenye risasi pajani, amelala chini ya mgomba. Vinaacha mwingine aliyekatwa mguu, ambaye sasa hana jeshi wala shamba. Vinaacha mke wa askari na watoto wanne, waliokuwa wakimfuata baba yao kutoka kambi hata kambi, mpaka siku moja habari zake zikakatika. Watu hawa wanafika kwetu. Wanasimama penye mlango, au wanajipanga nyuma ya mstari wa chakula. Nasi tunaulizana kwa sauti ya chini: huyu ni wa upande gani? Tukimpa maji, adui zake wakija kesho watasema nini juu yetu?

Maswali haya si ya ujinga, wala si ya roho mbaya. Wako watu waliochomewa nyumba kwa sababu walionekana wakimpa mtu mwenye kombati sahani ya ugali. Kwa hiyo hatutasema kwamba jambo ni jepesi. Tutaeleza namna watu wa nchi nyingine, na watu wa Kongo vilevile, walivyolijibu swali hilo, na namna majibu yao yalivyogeuka sheria.

Zamani sana huko Ulaya jibu lilikuwa fupi: askari aliyejeruhiwa si wa mtu. Mfalme alimhitaji akiwa mzima. Akikatwa mkono, alirudi barabarani kuomba, na wengine waliiba. Mwaka 1670 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliamuru ijengwe mjini Paris nyumba kubwa ya askari wazee na vilema. Ikaitwa Invalides, na wa kwanza waliingia mwaka 1674. Lilikuwa jambo jema, hatukatai. Lakini mfalme alikuwa na hesabu yake. Kijana anayemwona askari kilema akiomba mkate mlangoni mwa kanisa, hataki tena kuandikwa jeshini. Tena nyumba ile ilikuwa ya askari wa mfalme mwenyewe. Majeruhi wa adui hakuwa na mtu wa kumwangalia, na mke wa askari hakuhesabiwa.

Jibu la namna nyingine lilitoka mahali padogo sana. Tunaomba mtulie kidogo hapo, kwa sababu mambo yaliyotendeka pale yanafanana na yale tunayoyajua.

Tarehe 24 mwezi wa sita mwaka 1859, kaskazini mwa Italia, majeshi yalikutana karibu na kijiji cha Solferino. Upande mmoja walikuwa Wafaransa pamoja na watu wa ufalme wa Sardinia, upande wa pili Waaustria. Watu kama 300,000 walipigana siku nzima katika jua kali. Jioni, waliokufa na kujeruhiwa walikuwa makumi ya maelfu. Majeshi yale yalikuwa na farasi wengi kuliko waganga, na yaliposonga mbele yaliwaacha majeruhi nyuma.

Karibu na hapo ulikuwapo mji mdogo uitwao Castiglione, wenye watu kama 5,000. Katika siku tatu uliingiliwa na majeruhi zaidi ya 9,000. Hesabuni wenyewe: karibu majeruhi wawili kwa kila mwenyeji, mtoto mchanga akihesabiwa ndani. Walilazwa makanisani, katika nyumba za watawa, kwenye makao ya askari, na uani mwa watu. Wengine walilala barabarani juu ya majani makavu.

Siku zile alifika pale mfanyabiashara kutoka Geneva, jina lake Henry Dunant, mwenye miaka 31. Hakuja kwa ajili ya majeruhi. Alikuja kumtafuta mfalme wa Ufaransa, Napoleon wa 3, kwa sababu ya shida za kampuni yake ya mashamba na vinu vya unga huko Algeria. Alijikuta ndani ya kanisa kubwa la Castiglione katikati ya damu na vilio. Baadaye aliandika jambo moja ambalo kila mkuu wa kambi atalielewa mara moja. Alisema chakula kilikuwapo na maji yalikuwapo, lakini watu walikufa kwa njaa na kiu, kwa sababu mikono ya kugawa ilikuwa michache.

Ni nani waliogawa? Wanawake wa mji, wazee kwa wasichana. Vijana wadogo walichota maji kwenye visima kwa ndoo na kukimbia nayo kanisani. Dunant alimtuma mwendesha gari lake mpaka mji wa Brescia akanunue machungwa, ndimu, sukari, mashati, vitambaa vya kufungia vidonda, na tumbaku. Msicheke juu ya tumbaku. Moshi wake ulisaidia kupunguza harufu ya vidonda vilivyooza, na ulimpa askari kitu cha kufanya wakati anakatwa mguu.

Wanawake wale waliona kwamba Dunant hakuuliza mtu ni wa taifa gani, nao wakafanya vivyo hivyo. Walimnywesha Mfaransa, kisha Mwaustria aliyelala kando yake, ambaye jeshi lake lilikuwa limetawala mahali pengi katika Italia. Walisema kwa lugha yao: wote ni ndugu. Neno hilo lilivuka mipaka mpaka leo. Hata hivyo hatutaki mfikiri kwamba watu wa Castiglione walikuwa malaika. Siku moja uvumi ulienea kwamba Waaustria wanarudi. Mara watu wakashusha bendera za Ufaransa, wengine wakafunga milango na kukimbilia mashambani. Na wengine, kwa woga tu, walitoka haraka kuwatafuta majeruhi wa Austria, wakawaingiza nyumbani na kuwatunza kupita kiasi, ili waonekane wema. Waliogopa kama sisi tunavyoogopa. Uvumi ulipoonekana kuwa wa uongo, kazi ya ndoo na vitambaa iliendelea.

Mwaka 1862 Dunant alichapisha kitabu juu ya mambo hayo, kwa fedha zake mwenyewe. Aliuliza: kwa nini tusiwe na vyama vya watu wa kujitolea, vinavyotayarishwa wakati wa amani, ili vita vikija mikono iwepo tayari? Mwezi wa pili mwaka 1863 watu watano wa Geneva walikaa pamoja. Walikuwa Dunant, Gustave Moynier, mtu wa sheria, jenerali Dufour, na waganga wawili, Appia na Maunoir. Kamati hiyo ndiyo iliyozaa Msalaba Mwekundu, ule tunaouita Croix-Rouge. Na tarehe 22 mwezi wa nane mwaka 1864 mataifa 12 yalitia sahihi mapatano ya kwanza ya Geneva. Yalikuwa mafupi, vifungu 10 tu.

Katika hivyo 10, kimoja kinawahusu moja kwa moja baba na mama wa nyumba, nacho ni cha tano. Kilisema kwamba wenyeji wanaowasaidia majeruhi waheshimiwe na waachwe huru. Kilisema kwamba majeruhi akipokelewa na kutunzwa katika nyumba, yeye ndiye ulinzi wa nyumba ile. Mwenye nyumba hiyo hatalazimishwa kulaza askari kwake, na atapunguziwa michango ya vita. Angalieni ufundi wa jambo hilo. Watu wale walijua kwamba huruma peke yake huchoka, na kwamba hofu ina nguvu. Kwa hiyo walitaka majeruhi awe ngao ya nyumba badala ya kuwa hatari yake.

Je, ilifanya kazi? Kwa sehemu. Katika vita vya Ufaransa na Prussia, mwaka 1870, watu wengi walipandisha bendera ya msalaba mwekundu juu ya nyumba zao ili tu wasiingiliwe na askari. Mwaka 1906 mapatano yalipoandikwa upya, ahadi ile kubwa kwa wenye nyumba ikapunguzwa. Ndivyo inavyokuwa. Mtu akitumia alama ya hospitali kuficha mali yake, au mbaya zaidi bunduki yake, anamwibia majeruhi atakayekuja baada yake.

Lakini mzizi haukung'olewa. Mapatano mapya ya Geneva ya tarehe 12 mwezi wa nane 1949 yanasema, katika yale ya kwanza, kifungu cha 18, kwamba mtu yeyote asisumbuliwe wala kuhukumiwa kwa sababu aliwauguza majeruhi au wagonjwa. Na kifungu cha 3, kilichorudiwa katika mapatano yote manne, kinahusu vita vya ndani ya nchi moja. Kinaamuru kila upande, wa serikali na wa waasi, kuwakusanya na kuwatunza majeruhi na wagonjwa. Mwaka 1977 nyongeza ya vita vya ndani ilikwenda mbele zaidi: wananchi wanaweza, hata kwa hiari yao wenyewe bila kutumwa, kujitoa kuwaokota na kuwauguza waliojeruhiwa. Kongo yetu imefungwa na mapatano ya 1949 tangu mwaka 1961.

Tunajua mtakalosema: karatasi haizuii risasi. Ni kweli. Lakini chefu anayesimama mbele ya kamanda anahitaji neno la kusema. Akisema, «Tumemhurumia,» kamanda anaweza kumcheka. Akisema, «Sheria ya vita, ambayo jeshi lako na majeshi yote yanapaswa kuishika, inaturuhusu kumwuguza, na inakukataza kutuadhibu,» kamanda mwenye akili atakumbuka kwamba kesho yeye mwenyewe anaweza kulala chini ya mgomba.

Kuhusu Dunant, tumalize habari yake. Mwaka 1867 alifilisika, akaaibishwa mjini kwao, akatoka katika kamati. Kwa miaka mingi aliishi maskini, akisahauliwa, mpaka alipopata chumba katika hospitali ya kijiji cha Heiden, Uswisi. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya amani ya Nobel, ya kwanza kabisa, pamoja na Mfaransa Frédéric Passy. Hakuitumia fedha ile kwa starehe. Alipokufa mwaka 1910, wosia wake uliacha fedha ili pale Heiden kitanda kimoja kiwe cha bure kwa wagonjwa maskini wa kijiji.

Sasa tuingie kwa upande ambao hadithi nyingi za vita huruka: jamaa ya askari.

Kwa muda mrefu serikali zilisema kwamba mke wa askari ni shauri la askari. Huko Uingereza askari wengi walioa bila kibali cha jeshi, na wake zao hawakuandikwa popote. Meli ikiondoka, mama alibaki pwani na watoto, bila mshahara na bila nyumba. Mwaka 1885, majeshi ya Uingereza yalipokuwa yakipelekwa Misri na Sudani, meja mmoja jina lake James Gildea aliandika gazetini akiomba fedha na watu wa kujitolea kwa ajili ya jamaa za askari hao. Kutoka barua hiyo kilizaliwa chama ambacho kipo mpaka leo. Serikali haikuwa imetenda. Raia walianza kwa kutembelea nyumba, mlango kwa mlango, wakiuliza nani anakula na nani halali njaa.

Vita vya kwanza vya dunia, vya 1914 hadi 1918, viliacha Ulaya na mamilioni ya vilema, wajane na yatima. Tarehe 27 mwezi wa saba 1917 Ufaransa ilitunga sheria ya kuwafanya yatima wa vita kuwa watoto wa taifa. Mtoto alibaki kwa mama yake, lakini taifa liliahidi kusaidia malezi na masomo yake. Tunaipenda sheria hiyo kwa sababu moja: ilimpa mtoto haki. Haikumwacha asimame na bakuli akingoja huruma ya mtu.

Jambo la pili lilitoka tena kwa wanawake wawili, wauguzi wa Invalides, ile nyumba ya mfalme Louis. Charlotte Malleterre na Suzanne Lenhardt waliona kwamba vilema waliotibiwa walikaa mchana kutwa wakitazama ukuta. Kidonda kimepona, mtu bado. Mwaka 1925 walifungua karakana ndani ya nyumba ile, na askari walioharibika miili wakatengeneza kwa vitambaa maua madogo ya buluu, ambayo watu walinunua na kuyavaa kifuani. Mwaka 1934, tarehe 11 mwezi wa 11, yaliuzwa Paris maua 128,000. Huko London, mwaka 1922, meja George Howson alikuwa amefungua karakana ya namna hiyo, ambamo askari vilema walitengeneza maua mekundu. Maua hayo ni kitu kidogo. Lakini mtu aliyekuwa akipokea alirudi nyumbani na mshahara wake mfukoni, na mke wake akaona tofauti.

Je, na huku kwetu? Vita vile vya 1914 vilipiganwa hapa pia, kuanzia Kivu mpaka ndani ya Tanzania ya leo. Jeshi la Force Publique, askari wa Kongo chini ya maofisa Wabelgiji, liliingia Tabora mwezi wa tisa 1916. Vitabu vingi vinasimulia ushindi huo. Vichache vinasimulia migongo iliyoubeba. Hapakuwa na magari wala barabara; risasi, unga na majeruhi wenyewe vilibebwa na wapagazi. Upande wa Kongo peke yake walichukuliwa zaidi ya 200,000, wengi wao kwa nguvu. Waliugua tumbo la kuhara damu, baridi ya milimani, njaa. Upande wa Waingereza ilikuwa hivyo hivyo. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, umepata jina kutoka kikosi hicho cha wachukuzi, Carrier Corps kwa Kiingereza. Waliokufa upande huo hawapungui 40,000 walioandikwa, na wasioandikwa anawajua Mungu.

Baada ya vita zilijengwa sanamu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na juu yake yameandikwa maneno, kwa Kiswahili pia, ya kuwasifu wapagazi kama miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno mazuri. Lakini mishahara ya wengi waliokufa haikufika kamwe kwa jamaa zao, kwa sababu majina yaliandikwa vibaya, vijiji havikujulikana, na serikali haikusumbuka kutafuta. Sanamu ilipata shaba, mjane hakupata kitu. Tunawaomba machefu na waandishi wa orodha wakumbuke habari hii wanaposhika kalamu: jina lililoandikwa vibaya linaweza kumnyima mtoto haki yake kwa miaka 50.

Kuna na habari nyingine ya Kongo ambayo watoto wetu hawafundishwi. Katika vita vya pili vya dunia, Kongo ilipeleka mpaka Burma, huko Asia, hospitali nzima ya vita. Wakongomani wapatao 350 na Wabelgiji wachache walifanya kazi pamoja na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ndilo jeshi la askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kazi. Katika mwaka 1944, katika mvua na matope ya bonde la Kabaw, mikono ya Wakongomani ilifunga vidonda vya watu ambao hawakuwa wa kabila lao wala wa nchi yao. Kwa hiyo mtu akisema kwamba kuuguza majeruhi asiye wa kwenu ni desturi ya wazungu, mjibuni kwamba babu zetu waliifanya kazi hiyo, tena mbali sana na nyumbani. Mwezi wa sita 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alimpa nishani mjini Kinshasa koplo Albert Kunyuku, mmoja wa wale waliofika Burma, akiwa na miaka 100. Nishani ilichelewa zaidi ya miaka 70. Wenzake wengi walikuwa wamekwisha kulala, na wajane wao hawakuitwa.

Tuje karibu zaidi. Goma kuna kituo cha watu wenye ulemavu kiitwacho Shirika la Umoja, na Bukavu kuna Heri Kwetu. Kwa miaka mingi Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, imeviunga mkono ili waliokatwa viungo wapate miguu ya bandia, wawe raia au waliokuwa na silaha. Wengi hufikiri kwamba mguu wa bandia ni kama kiatu: unapewa, unakwenda. Sivyo. Kwanza kidonda kipone kabisa. Kisha kibaki cha mguu kifungwe vizuri kila siku ili kipate umbo. Kisha kinapimwa kwa plasta, na mguu unatengenezwa kwa plastiki nyepesi na imara. Baada ya hapo mtu anajifunza kutembea kama mtoto, akishika vyuma viwili, majuma kadhaa. Mtu mzima atahitaji kuubadili baada ya miaka michache. Mtoto anahitaji mara nyingi zaidi, kwa sababu mfupa wake unakua na plastiki haikui.

Katika kazi yote hiyo nani yupo? Mke, au dada, au mama. Ndiye anayefunga kibaki kila asubuhi. Ndiye anayelala sakafuni kando ya kitanda na kupika nje ya hospitali juu ya mawe matatu. Shamba lake linaota majani, na watoto wameachwa kwa jirani. Msaada ukilipa mguu na kusahau nauli na chakula cha mama huyo, mguu utabaki ukutani. Tumeona hivyo mara nyingi.

Hospitali ya CBCA Ndosho, Goma, inajulikana na wengi wenu. Tangu 2012 waganga wa upasuaji wa CICR walifanya kazi humo pamoja na waganga wetu. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, wakati M23 walipoingia Goma, majeruhi walifika kwa mamia, raia na wapiganaji, mpaka vitanda havikutosha. Hospitali ya namna hiyo inashika kanuni moja kali: silaha haipiti mlangoni. Anayebeba bunduki anaiacha nje au anabaki nje. Kanuni hiyo ndiyo inayowezesha watu waliopigana asubuhi kulala jioni chini ya paa moja.

Yuko atakayesema: «Huyu mnayetaka tumwuguze ndiye aliyeiba mbuzi wangu. Ndiye aliyemwaibisha binti yangu.» Hatutamwambia anyamaze. Maumivu yake ni ya haki, na kumwuguza mtu si kumfutia kosa. Mapatano ya Geneva hayana hata kifungu kimoja kinachomsamehe mwizi au mbakaji kwa sababu amejeruhiwa. Thomas Lubanga, aliyewaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15, alihukumiwa na mahakama ya The Hague mwaka 2012. Bosco Ntaganda alihukumiwa mwaka 2019, akapewa miaka 30. Hukumu inakuja kwa njia yake, na shahidi wa hukumu ni mtu aliye hai. Lakini mtoto wa mshtakiwa hana kesi. Mke wa askari aliyepanga mstari wa unga hakushika bunduki. Tukimtoa kwenye orodha kwa ajili ya mume wake, tumemwadhibu mtu bila kumsikiliza.

Kwa wakuu wa kambi na machefu, haya ndiyo watu wa kazi hii wanayoyasisitiza. Orodha ya wahitaji iandikwe kwa shida ya nyumba: mjane, kilema, idadi ya watoto, mgonjwa. Jina la jeshi la mume lisiandikwe kabisa, maana karatasi hupotea na kuokotwa na watu wengine. Majina yaandikwe kamili, pamoja na kijiji cha kuzaliwa. Majeruhi akipatikana, silaha na kombati visiingie naye ndani ya nyumba wala ndani ya hema. Wajulishwe upesi watu wa Croix-Rouge au kituo cha afya kilicho karibu, na jambo lisifanywe kwa siri ya mtu mmoja; wazee wawili watatu wajue, ili kesho pasiwe na wa kusema mlimficha. Damu ikitoka kwa nguvu, bonyezeni penye kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia. Risasi isichokolewe kwa kisu. Mwenye risasi ya tumbo asipewe chakula wala kinywaji, hata akilia. Mlowesheni midomo tu.

Na kwa mama ambaye habari za mume zimekatika: Croix-Rouge wana karatasi za kupeleka habari kwa jamaa, na wana kazi ya kutafuta waliopotea. Hailipiwi hata franga moja. Uliza mtu wa kujitolea wa Croix-Rouge katika mtaa wako. Utaje jina la mume, la baba yake na la mama yake, mahali alipozaliwa, na mahali ulipomwona mara ya mwisho. Karatasi hiyo haina bahasha, na watu wengine wataisoma njiani. Kwa hiyo andika habari za nyumbani tu: mtoto gani amezaliwa, nani anasoma, mko wapi sasa. Usiandike kitu chochote juu ya vita.

Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma maswali yenu juu ya mazungumzo haya.